Maswali na majibu: Kumtii mchungaji mpaka wapi?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Meseji za wiki hii karibu zote zinahusu wachungaji wenu, nimechukua nne.

*Mtumishi, mimi nina digrii, mchungaji wetu kaishia la saba, lazima nimtii? (Area C)*

Ndiyo. Waebrania 13:17 inasema watiini wanaowaongoza, haijaulizia cheti. Ukitaka kukagua kagua mwenendo wake, mstari wa 7 ndivyo unavyosema.

*Tumeambiwa anayehoji sadaka anamgusa masihi wa Bwana, ni kweli? (Kizota)*

Hili nimelijibu sijui mara ngapi na bado mnalileta bila hata kufungua Biblia. Zaburi 105:15 inayosema msiwaguse masihi wangu, yaani wapakwa mafuta wangu, anzieni juu kidogo, inawataja Ibrahimu, Isaka na Yakobo walivyokuwa wageni wanatangatanga, Mungu akawakemea wafalme wasiwadhuru, kuwadhuru jamani, siyo kuwauliza risiti! Na Daudi mnayependa kumtaja, kweli hakumuua mfalme Sauli aliyekuwa anamwinda, kule pangoni Engedi, alikata upindo wa vazi tu na hata huo ukamchoma moyo, lakini alitoka nje akamwambia makosa yake waziwazi, na kabla ya hapo aliporushiwa mkuki alikimbia usiku uleule, hakukaa kusubiri mwingine eti kwa vile Sauli ni mpakwa mafuta.

Paulo naye alipopeleka mchango Yerusalemu alitaka ndugu wengine waambatane nao ili asilaumiwe mtu (2 Wakorintho 8:20-21), sasa huyo wenu ni nani asisome mapato na matumizi? Huku kwetu kuna bibi analeta debe la mtama mwaka ambao mvua imekata Februari na shamba limekauka, yule anastahili kujua debe lake limeenda wapi. Na nyie wazee wa kanisa mnaoruhusu sadaka iingie kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, acheni, nasema acheni.

Ila ulizeni kwenye kikao, siyo kwenye grupu la wasap. Mashtaka juu ya mzee yanataka mashahidi wawili au watatu, 1 Timotheo 5:19. Kuna watu wanajiita watetezi wa kweli kumbe ni wambea.

*Nimeambiwa niache dawa za presha nionyeshe imani. (Mama, Nkuhungu)*

Mama yangu, kunywa dawa leo, usingoje Jumapili. Luka alikuwa tabibu na Paulo hakumfukuza. Shakahola kule Kenya mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wakiwa waumini waliokufa njaa wakiamini wanaenda kumwona Yesu, na watoto wamo. Hapa kwetu Moshi 2020 watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Kiongozi akikuamuru jambo la kukuua usimtii, mwambie mwanao akupeleke kliniki na huyo mtu asiingie tena kwako kuombea.

*Mchungaji kaniondoa uongozi wa kwaya bila sababu, nataka kuhama. (Majengo)*

Bila sababu au sababu hujaipenda? Hajakutuma utende dhambi, hajagusa hela yako, amekuambia tu upumzike, na hapo ndipo utii wako unapoonekana maana mlipokuwa mnakubaliana ulikuwa hujamtii bado, mlikuwa mnawaza sawa tu. Mimi nilishaondolewa hivyohivyo, niliumia, nikanuna miezi kadhaa na sikupata faida yoyote. Dodoma siku hizi kila mtaa una kanisa, mtu akikemewa Jumapili hii ijayo yuko kwingine, miaka mitano kabatizwa mara tatu na hakuna mchungaji hata mmoja anayewajua wanawe kwa majina. Waebrania 13:17 ileile inasema viongozi wanakesha kwa ajili ya roho zenu na watatoa hesabu, sasa wewe wa kuhamahama hesabu yako ataitoa nani? Nenda kamwone nyumbani kwake jioni, muulize kwa adabu, na Jumamosi uende mazoezini uimbe sauti yako kama kawaida.