Uliza Mwalimu wa Gitaa: Kwa Nini Getz/Gilberto Haichuji?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Baba mkwe wangu ana santuri moja anayoipenda kuliko zote, *Getz/Gilberto* ya mwaka 1964. Kila tukienda kumsalimia lazima aiweke. Mimi ni mpenzi wa ngoma nzito, na kusema kweli hii naisikia kama muziki wa kwenye lifti: mtu ananong'ona, gitaa linachezacheza, basi. Lakini kila nikisoma orodha ya albamu bora za dunia, nayo imo. Hao wengine wanasikia nini ambacho mimi sikisikii?

JIBU: Marahaba. Usijilaumu sana. Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, "The Girl from Ipanema", umepigwa ovyo na watu wengi mno, hotelini, kwenye lifti, kwenye simu ukingoja kuhudumiwa, kiasi kwamba unapokuja kuusikia wenyewe masikio yako yamekwisha kuchoshwa na nakala zake. Hizo nakala zilichukua ule upole, kazi wakaiacha. Kwenye albamu yenyewe hakuna hata mmoja anayepumzika.

Fanya hivi. Ukienda tena kwa mzee, achana kwanza na saksafoni, achana na ile sauti ya mwanamke. Sikiliza mkono wa kulia wa João Gilberto, Mbrazili anayepiga gitaa na kuimba. Kidole gumba kinapiga besi, pigo baada ya pigo, bila kuyumba, kikifanya kazi ya surdo, ile ngoma kubwa inayoibeba samba, muziki wa ngoma wa Brazili. Vidole vingine vinavuta nyuzi kadhaa kwa mpigo mmoja, lakini haviangukii pale gumba linapoangukia. Mara vinatangulia kidogo, mara vinachelewa, kama inavyofanya tamborim, kigoma kidogo cha samba kinachochapwa kwa kijiti. Kwa hiyo ngoma zako unazozililia zimo humo humo. Mtu mmoja amezibana kwenye nyuzi sita, akazipunguza sauti.

Ukishaushika mkono, hamia kwenye sauti. João hafuati mapigo ya gitaa lake mwenyewe. Mstari mmoja anauanza mapema, mwingine anauchelewesha mpaka gitaa limekwisha kupita, kisha anaukimbilia, na mwisho wa ubeti sauti na gitaa vinafika pamoja kana kwamba hapakuwa na hatari yoyote. Yote hayo bila kupaza sauti, bila ule mtetemo wa koo uliokuwa fahari ya waimbaji waliomtangulia. Wanafunzi wangu huwa nawapa zoezi: piga huo mkono wa kulia, halafu nitajie jina lako, jina la baba yako na mahali unapokaa, kwa sauti ya mazungumzo tu. Wengi mkono unakwama kabla hawajamfikia baba.

Hakuupata ustadi huo kwa bahati. João alizaliwa Juazeiro, jimbo la Bahia, mwaka 1931. Katikati ya miaka ya 50, mambo yakiwa yamemwendea kombo kule Rio de Janeiro, alikwenda kukaa kwa dada yake mjini Diamantina, akawa anajifungia bafuni na gitaa kwa sababu kuta zake zilirudisha sauti vizuri. Aliporudi Rio alikuwa na mkono huo tayari. Mwaka 1958 akarekodi "Chega de Saudade", wimbo wa Antônio Carlos Jobim na mshairi Vinicius de Moraes, na vijana wa Rio wenye magitaa wakaacha walichokuwa wakipiga ili wamwige.

Stan Getz, Mmarekani mpiga saksafoni, alikuwa amekwisha kuionja bossa nova, mtindo huo wa João uliotokana na samba, mwaka 1962 katika *Jazz Samba*, aliyoifanya na mpiga gitaa Charlie Byrd. Hiyo ilikuwa bossa nova ya Wamarekani. Machi 1963, kwa siku mbili tu, tarehe 18 na 19, wenye muziki wao waliingia studio moja New York: João kwenye gitaa na sauti, Jobim kwenye piano, Sebastião Neto kwenye besi, Milton Banana kwenye dramu. Mtayarishaji alikuwa Creed Taylor, fundi mitambo Phil Ramone. Huyu wa mwisho wasikilizaji humsahau, mimi simsahau. Sikiliza Getz anapoingia: pumzi yake unaisikia ikipita kabla noti haijatoka. Sauti ya João nayo iko karibu kiasi kwamba unaisikia midomo ikifunga neno. Ukiiongeza redio haigeuki kelele, inasogea tu.

Kuhusu Getz wapo wanaolalamika kwamba ni mzito mno kwa muziki huu, na mimi siwabishii moja kwa moja. Kwenye "Doralice" anaingia kama mgeni aliyekuta watu wanaongea kwa sauti ya chini akasalimia kwa sauti ya sokoni. Husimuliwa kwamba studioni João alichoka naye, akamwambia Jobim kwa Kireno amfikishie jamaa huyo kwamba ni mpumbavu. Jobim, muungwana, akatafsiri kwamba João anasema siku zote aliota kurekodi naye. Getz, inasemekana, hakuamini sana. Ukweli wa kisa hicho wanaujua wao. Lakini kwenye "O Grande Amor" nampa heshima yake yote. Pale hajionyeshi, anauimba wimbo wenyewe kwa chombo chake, na huzuni iliyomo inatoka nje wazi.

Ndiyo, huzuni. Hapo ndipo wanaoita muziki huu wa ufukweni wanapokosea. Katika maneno ya Kireno ya Vinicius kwenye "The Girl from Ipanema", mtu anamtazama msichana mrembo akipita kuelekea baharini, kisha anajiuliza kwa nini yeye yuko peke yake hivi, kwa nini kila kitu kina simanzi namna hii. Muziki wenyewe nao hautulii. Ukifika sehemu ya kati ya wimbo huo, pale anapoanza kulalama, ufunguo unahama nusu hatua kwenda juu, na ardhi inakuhama miguuni huku João akiimba kwa utulivu uleule. "Desafinado", ya Jobim na Newton Mendonça, ni utani juu ya utani: mpenzi ananung'unika kwamba anaambiwa haimbi sawasawa, na melodi inatua kwa makusudi kwenye noti ambazo sikio la haraka litasema kakosea.

Ukiniuliza mimi, geuza santuri usiing'ang'anie ile ya Ipanema. Halafu rudi upande wa kwanza, sikiliza "Para Machucar Meu Coração" ya Ary Barroso. Hiyo si bossa nova ya Jobim, ni samba ya zamani, na "Doralice" vilevile ni ya Dorival Caymmi na Antônio Almeida. João hakuzitupa nyimbo za wakubwa wake. Alizivua orkestra, akazivua madoido, akaona kilichobaki kinatosha. Nyimbo zote ni nane, nusu saa na ushei. Baba mkwe hakuombi muda mrefu.

SWALI: Mwalimu, nimesikia kwamba Astrud Gilberto, yule aliyeimba kwa Kiingereza, hakulipwa kitu na wala hakuwa mwimbaji. Ni kweli?

JIBU: Kuimba alikuwa akiimba, ila si kwa kulipwa. Alizaliwa Salvador, Bahia, mwaka 1940, akakulia Rio, na wakati ule alikuwa mke wa João. Walihitaji mtu wa kuimba maneno ya Kiingereza ya Norman Gimbel, na yeye Kiingereza alikuwa nacho. Wazo lilikuwa la nani? Baadaye zaidi ya mwanaume mmoja alidai ni lake, jambo ambalo huwa linatokea wimbo ukishauza.

Malipo yanayotajwa ni dola 120, ada ya kawaida ya mwimbaji wa studio, bila fungu katika mauzo. Jina lake halikuwekwa kwenye jalada la mbele. Walioandikwa ni Getz, João, na Jobim kama mshiriki. Linaloniudhi zaidi ni lililofuata. Ili wimbo wa zaidi ya dakika tano uingie redioni, uliposhushwa kama singo ulikatwa mpaka chini ya dakika tatu, na kilichokatwa ni ubeti wa João kwa Kireno. Kwa hiyo wasikilizaji wengi wa redio Marekani waliujua wimbo wa Brazili bila kumsikia João akiuimba, na aliyeufanya upendwe hakuwa na mgawo wake.

Katika tuzo za Grammy za 1965 albamu ikawa Albamu ya Mwaka, ya kwanza ya jazz kupata heshima hiyo. Nyingine haikupatikana mpaka 2008, ya Herbie Hancock. Singo nayo ikawa Rekodi ya Mwaka. Astrud akaendelea kivyake, akatoa albamu yake mwenyewe 1965, na akafariki Juni 2023.

Wapo wanaosema sauti yake ni bapa. Ni kweli haina mapambo. Lakini mweke mwimbaji mwenye koo kubwa mahali pale, baada ya João, uone kama wimbo utasimama.

SWALI: Naanza kujifunza bossa nova. Nyuzi za chuma au za nailoni? Na baada ya *Getz/Gilberto* nisikilize nini?

JIBU: Nailoni. Na piga kwa nyama ya vidole na kucha fupi, si kwa kipande cha plastiki, kwa sababu lazima gumba na vidole vingine viweze kugusa nyuzi kwa wakati mmoja.

Cha kusikiliza ni albamu ya João ya mwaka 1973 inayoitwa kwa jina lake tu, inayoanza na "Águas de Março". Humo kuna sauti, gitaa na mdundo mwepesi wa Sonny Carr, hakuna piano wala saksafoni, kwa hiyo mkono wa kulia huwezi kuukosa. Anza polepole kuliko unavyodhani ni polepole, na usiimbe chochote mpaka gumba likubali kwenda bila kuliangalia.