Pua imegoma? Maswali yenu ya leo

Dokta shikamoo. Tangu nipate mafua sisikii harufu ya kitu, ila Vicks naisikia freshi. Pua nzima au mbovu?

Marahaba mama. Vicks inakudanganya. Ule ubaridi unapita kwenye mshipa mwingine wa fahamu, ule ule unaokuliza ukikata kitunguu, sio ule wa harufu. Fumba macho, mwanao akusogezee kahawa ya unga au iliki iliyopondwa bila kukwambia ni nini, ziba tundu moja la pua, halafu lingine. Hapo ndo utajua.

Niko Ujerumani, nimepimwa kwa kalamu nikafeli. Harufu nyingine sijawahi kuzinusa maishani!

Pole kaka, nakuelewa kabisa. Hizo ni Sniffin' Sticks, kalamu zenye harufu badala ya wino, na kipimo kizima kina sehemu tatu, alama 48. Kwanza unafumbwa macho unapewa kalamu tatu, mbili hazina kitu, unachomoa yenye harufu, inaanza hafifu sana na inazidi kukolea mpaka uipatie. Kisha unatofautisha harufu, mwisho unataja, jibu moja kati ya manne. Hiyo ya kutaja ndo inatuonea, maana karafuu na mdalasini zimo, sawa, lakini likorisi, ile peremende nyeusi ya Wazungu, mtu wa Pemba ataijulia wapi? Waulize umefeli sehemu ipi. Kama zile tatu tatu ulikuwa unapatia vizuri basi pua ipo, jina tu ndo huna.

Si mtu anaweza kubahatisha tu, au kujifanya hasikii?

Kubahatisha kumeshapigiwa hesabu. Wamarekani wana vijitabu vya kukwaruza na kunusa, jumla harufu 40, kila moja majibu manne ya kuchagua, kwa hiyo asiyesikia chochote anaokota kama 10 hivi. Sasa anayepata 2... huyo anayajua majibu, anayakwepa 😂

Itarudi lini?

Siwezi kukuahidi tarehe. Nusa waridi, limau, karafuu na mkaratusi, kila moja sekunde kumi hivi, asubuhi na jioni, angalau wiki 12, na usinuse huku unachati, weka akili pale. Ila kama ilianza baada ya kugonga kichwa, au tundu moja limeziba na linatoa damu, nenda kwa daktari wa pua na masikio wiki hii. Na mtungi wa gesi mkabidhi mwenye pua nzima, maana gesi ikivuja wewe hutajua.