Mwanza–Dar kwa ndege: usihesabu saa za angani peke yake

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, Mwanza hadi Dar kwa ndege ni muda gani? Nina usaili Jumatatu saa tatu asubuhi, Posta." Moyo ulinipiga. Swali hilohilo niliwahi kujiuliza, nikajijibu vibaya.

Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 850. Basi linalopita Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro linavuka kilomita 1,100. Jeti ikishatulia angani hukimbia zaidi ya kilomita 700 kwa saa, kwa hiyo utadhani ni saa moja na dakika chache tu. Lakini muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inapoegeshwa kule, na zamu ya kuruka na kutua imo humo. Weka saa moja na nusu. Ndege ya pangaboi huongeza kidogo.

Mimi nilikata ya saa kumi na mbili asubuhi, usaili saa tatu. Nikaona muda upo tele. Ikachelewa kuondoka nusu saa. Saa mbili kamili nimesimama kwenye mkanda wa mizigo, masanduku ya watu yanazunguka, langu halipo. Lilitoka saa mbili na dakika ishirini na tano. Teksi ikaingia Barabara ya Nyerere, na kabla ya Tazara tukakwama. Nilikumbatia bahasha ya vyeti mpaka jasho la viganja likaitia doa. Kilomita kama 12 za kutoka uwanjani hadi Posta zilinila zaidi ya saa nzima. Mlinzi alitazama saa yake, halafu akatazama viatu vyangu. "Wameshafunga orodha, dada." Sauti ile bado naisikia.

Mwaka uliofuata nikaitwa kwingine. Nikaruka Jumapili mchana, begi la mkononi tu, nikalala kwa mama mdogo Tabata. Saa mbili kasoro robo nimekaa mapokezi, nimetulia. Ofisi hiyo ndiyo inanilisha mpaka leo, na sikubebwa na mtu.

Ndugu zangu tunaotafuta maisha, tuheshimu muda. Hesabu toka mlango wa kwenu mpaka mlango wa unakokwenda: gari la kwenda uwanjani Ilemela, foleni ya ukaguzi, ndege, mzigo, foleni ya Dar. Mimi sasa naweka jumla ya saa sita, hata kama tiketi inasema moja na nusu. Anayekusubiri hajali ulitoka umbali gani. Nasema tena, hesabu mlango hadi mlango.

Mdogo wangu uliyeniandikia, kata tiketi ya Jumapili mchana, sanduku kubwa liache Mwanza. Kama Dar huna ndugu, niandikie kabla ya Ijumaa. Mama mdogo nimeshamwambia.