Toleo linatoka kesho, mabadiliko bado yanamiminika

SWALI: Mambo vipi, mi ndo nasimamia toleo jipya la programu yetu, kodi (msimbo wa programu) tushaifunga isiguswe tena lakini kila mtu anakuja na "kaka ni mstari mmoja tu". Nikubali yapi?

JIBU: Poa. Huo mstari mmoja usikupumbaze, ukigusa sehemu ya kuingilia akaunti unaweza kuleta balaa kuliko mistari mia ya kurasa za msaada. We uliza, tukiliacha hili mtumiaji anaumia nini? Kama data zinapotea, programu inazima yenyewe, au kuna tundu la usalama, liingie, ila liwe rekebisho dogo kabisa na mtu asichomekee usafi wa kodi humo humo (wengi ndo wanaponaswa hapo). Kitu kilichofanya kazi toleo lililopita na sasa kimegoma nacho kipe nafasi. Kitu kipya? Kisubiri. Hata watengenezaji wa Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) wako hivyo, vitu vipya wanapokea kama wiki 2 tu, baada ya hapo ni marekebisho, wanatoa toleo la majaribio karibu kila wiki mpaka kernel (kiini cha mfumo huo) itulie.

Alafu cheki kama rekebisho likiharibu unaweza kulitoa peke yake, mabadiliko ya muundo wa databesi mara nyingi hayarudi kirahisi na mi binafsi hayo nayaogopa. Na kama hakuna mtu mwingine wa kulipitia na kulijaribu kabla ya kesho, liandike kwenye orodha ya matatizo yanayojulikana, lije na toleo dogo la marekebisho.