Estonia haikusubiri utajiri
Umeuliza kama Estonia, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, ilipata intaneti mapema kwa sababu ya utajiri. Hapana, ndugu. Ilirudisha uhuru wake mwaka 1991 uchumi ukiwa hoi, na watu wake hawafiki hata milioni 2. Kilichobadilisha mambo ni kuanza na shule: mwaka 1996 Rais Lennart Meri alitangaza mpango wa Tiigrihüpe (yaani “Mruko wa Simbamarara”), kompyuta na intaneti zikaanza kupelekwa mpaka shule za vijijini. Walimu nao walifundishwa kuzitumia, jambo ambalo nchi nyingi hulisahau kabisa! Asiye na kompyuta nyumbani alikwenda maktaba. Barabarani kulikuwa na vibao vya buluu vyenye alama ya @ vikimwelekeza palipo na intaneti.