Irejesheni nyuma

Wiki hii mmeuliza: ni tukio gani la siasa uliloliona kwenye televisheni ya nyumbani kwenu ambalo hadi leo halijakutoka? Najua Wazanzibari wengi watajibu Novemba 5, 2009, siku Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa upinzani wa CUF, Maalim Seif, walipokutana Ikulu baada ya miaka ya kutopeana hata salamu. Sina ugomvi na jibu hilo. Langu ni la Jumatano, Oktoba 28, 2015, na kwenye kioo hakukuwa na watu wawili. Alikuwa mmoja, na karatasi.

Sisi tuna historia ndefu na kioo. Televisheni ya rangi ilifika Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara walisubiri hadi 1994 kupata ya aina yoyote, na jambo hilo tunawakumbusha kila tukipata nafasi. Siku hizi stesheni yetu inaitwa ZBC, lakini kwetu Kikwajuni bado ni TVZ, na Bibi yangu aliiangalia kama anavyosikiliza hotuba ya Ijumaa: kimya, na ole wako ukohoe.

Ili mnielewe, lazima nianze Bwawani. Ni ile hoteli ya serikali pale Funguni, na ukumbi wake ndio uliokuwa ukitumiwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar kutangazia matokeo. Mwaka 2010 tuliuona ukumbi huo ukiwa umejaa. Mwenyekiti wa Tume wakati ule, Khatib Mwinyichande, alisoma: Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM asilimia 50.1, Maalim Seif asilimia 49.1. Watu wazima wakashika vichwa. Mwaka 1995 tofauti ilikuwa ndogo kuliko hiyo, na sote tunajua tuliilipia vipi na kwa muda gani. Lakini safari hii Maalim aliyakubali matokeo palepale, mbele ya kamera, mshindi akiwa humohumo ukumbini. Bibi alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanga. "Leo nitalala," akasema, na kweli akenda kulala, saa ya kulala haijafika.

Kwa hiyo mwaka 2015 tulikuwa tunaisubiri Bwawani ileile.

Tulipiga kura Jumapili, tarehe 25. Jumatatu Maalim aliita waandishi na kusema kwa hesabu za chama chake ameshinda, na mji ukaanza kunong'ona. Tume nayo ikawa inaendelea kutoa matokeo ya majimbo, moja moja. Binamu yangu, ambaye skuli hesabu zilimshinda kabisa, alikuwa ameng'oa karatasi ya kalenda na kuandika nyuma yake safu mbili za tarakimu, akijumlisha na kufuta, kujumlisha na kufuta. Majimbo yalikuwa 54 na karatasi ilikuwa karibu imejaa.

Jumatano watu wakaona kasi imepungua. Mwenyekiti, Jecha Salim Jecha, haonekani Bwawani. Mmoja kasema anaumwa, mwengine kasema hili, mwengine lile. Baraza letu halijawahi kukosa sababu. Nikaingia ndani. TV ya Bibi ilikuwa ya chogo, juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa king'amuzi. Bibi amekaa kitandani, kidole chake kidogo bado kina wino wa Jumapili, umeganda pembeni mwa kucha. Alikuwa hauogi ule wino. Nadhani alikuwa anautunza.

Ndipo Jecha akatokea. Hakuna ukumbi, hakuna mawakala, hakuna makofi wala mguno. Mtu na karatasi. Akasoma kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma tangazo la mkutano wa wazee wa skuli. Akataja makamishna wake kufikia hadi kutaka kupigana, akataja vituo vya Pemba ambavyo kura zimezidi walioandikishwa, akataja mengine. Sababu zikawa nyingi kiasi kwamba tukajua zinaelekea wapi kabla hazijafika. Uchaguzi umefutwa, wote, na utarudiwa.

Binamu alikuwa bado ameshika kalamu.

Bibi ndiye aliyesema kwanza. Aliwahi kuona wajukuu zake wakirudisha nyuma filamu kwenye deki, basi akatunyooshea rimoti: "Irejesheni nyuma, sijasikia vizuri." Tukamwambia Bibi, hii hairudi nyuma. Akasema irejesheni. Hakuna aliyecheka. Nje, mlango wa duka la jirani ukashushwa, kile kishindo cha bati, kisha wa pili, kisha mtaa mzima.

Kilichobaki mnakijua. Siku iliyofuata Tume ya Taifa ikamtangaza John Magufuli kuwa Rais wa Muungano, zikiwemo kura tulizopiga sisi Jumapili ileile, kwenye vituo vilevile. Machi 20, 2016 uchaguzi wa Zanzibar ukarudiwa, CUF wakasusia, Dk. Shein akapata asilimia 91.4. Bibi siku hiyo alisema magoti yanamuuma. Mimi nilikwenda kupiga au sikwenda, hilo gazeti halikuuliza.

Kuna watakaosema mbona sikuchagua Desemba 2020, Maalim akiapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais Dk. Hussein Mwinyi, au Februari iliyofuata, tulipomzika kwao Mtambwe, Pemba. Niliyaona yote, na la Mtambwe nililia. Lakini yale yalikuwa na watu ndani yake. Unaona nani kasimama wapi, nani anamtazama nani, nani kakunja uso. Picha ya 2015 haina pa kushika.

Mwaka jana mwanangu aliikuta kwenye simu. Ana miaka kumi na mbili, alikuwa mtoto wa kubebwa wakati ule, na alikuwa amesikia hadithi yake mara nyingi kiasi cha kutarajia mabomu. Akaitazama mara mbili. Yeye anaweza kuirejesha nyuma. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, si usoni kwa Jecha, bali pembeni, pale nyuma ya bega.

"Baba, hapa ni wapi?"

Nikamwambia si Bwawani.