Maembe ya uani kwa wageni 50

Swali: Shikamoo mama. Niko Mkuranga. Tuna mwembe dodo uani unaozaa sana, na ukoo wetu unakutana kwetu tarehe 26 Desemba, watu kama 50. Mwaka jana tuliutikisa mwembe, tukayavundika maembe yote kwenye pipa la plastiki na kifuniko chake. Siku ilipofika, mengine yalikuwa magumu kama mawe na mengine yameoza, yana madoa meusi na harufu ya pombe. Juisi tuliyotengeneza asubuhi ilikuwa imechacha kabla ya alasiri. Jirani ananishauri nitumie kabaidi. Nifanyeje, na nipike nini cha kuendana na maembe?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na kabaidi: usiiguse. Ikikutana na unyevu hutoa gesi ya asitilini, na gesi hiyo hufanya ganda liwe la njano upesi. Inayouzwa madukani ni ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma, na huwa na chembe za aseniki na fosforasi. Niliwahi kununua matenga mawili kwa mfanyabiashara mmoja kwa ajili ya arusi. Kwa nje yaling'aa njano yote. Nilipopasua la kwanza, nyama iliyozunguka kokwa ilikuwa nyeupe, ngumu, chachu kama ukwaju, na chini ya tenga nikakuta vifurushi vya karatasi vyenye unga wa kijivu. Tulimwaga yote, tukahangaika kutafuta matikiti maji saa mbili kabla wageni hawajakaa. Tangu siku hiyo nayavundika mwenyewe.

Kosa lenu la mwaka jana lilianzia mtini. Embe hupevuka kwanza, ndipo huiva. Lililopevuka limejaza wanga wake wote. Hata ukilichuma likiwa kijani, ule wanga utageuka sukari, kwa sababu tunda lenyewe hutoa gesi ya ethilini inayoliivisha. Embe changa halina wanga wa kutosha. Ukilivundika litasinyaa, litalainika kidogo, lakini utamu hautapatikana. Na mwembe hautoi maua yote siku moja, kwa hiyo tawi moja linaweza kuwa na maembe yaliyopishana umri kwa wiki kadhaa. Ukiutikisa mti, unachanganya wakubwa na wadogo, na yote yanapasuka yakigonga chini. Ufa mdogo usioonekana ndio mlango wa uozo.

Embe lililopevuka utalijua kwa mabega. Litazame pale kikonyo kinapoingia: kwa embe changa nyama inateremka kutoka kwenye kikonyo, kwa lililopevuka mabega yamenyanyuka na kikonyo kinaonekana kama kimekaa shimoni. Pasua moja la mfano, nyama iliyo karibu na kokwa iwe imeanza kuwa ya manjano. Ukibaki na wasiwasi, yatie kwenye beseni la maji. Yaliyopevuka kwa kawaida huzama, machanga huelea. Hayo yanayoelea usiyatupe, nitayarudia.

Sasa kalenda. Siwezi kukuambia kwa hakika kwamba dodo lako litaiva siku ya tano au ya saba, maana inategemea joto la chumba chako na umri wa tunda. Mwembe wenyewe utakuambia. Tarehe 9 au 10 Desemba chuma matatu yaliyopevuka, yavundike, uhesabu siku mpaka yalainike karibu na kikonyo na kunukia. Kwa joto la Pwani mwezi huo, mara nyingi ni kati ya siku 5 na 8. Tuseme umepata 6. Basi toa 6 kwenye 26: uchumaji mkubwa ni tarehe 20, na sehemu ndogo uichume siku moja kabla, tarehe 19, iwe akiba kama mvua itashusha joto. Yakiwahi kuiva, yaweke kwenye friji, yatakaa siku tatu au nne bila shida. Ila yasiyoiva yasiingie friji kabisa. Baridi iliyo chini ya nyuzi 13 hivi hulidhuru embe bichi: ganda hupiga madoa meusi na tunda haliivi tena vizuri.

Chumeni kwa upondo wenye mfuko wa wavu kwenye ncha, jua likishapanda, kwa sababu asubuhi mapema utomvu huruka kwa nguvu. Acheni kikonyo kirefu kama kidole. Mkishayateremsha, mpunguze kikonyo kibaki kifupi, myageuze kichwa chini juu ya fito kwa nusu saa, utomvu udondoke bila kugusa ganda. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wake unaunguza kweli. Watoto waoshe midomo na mikono kwa sabuni mara moja, na anayepanda juu avae shati la mikono mirefu.

Yale madoa meusi yaliyoozesha maembe yenu, kwa jinsi ninavyolisoma swali lako, ni ugonjwa wa chule. Vimelea vyake huingia tunda likiwa bado mtini na kulala kwenye ganda, vikisubiri liive. Dawa ya jikoni ni maji ya moto, yawe nyuzi 52 hivi, kwa dakika 5, siku ileile ya kuchuma. Kama huna kipimajoto, changanya ndoo moja ya maji yanayochemka na ndoo mbili za maji ya bomba. Kwa maji ya kwetu ya Desemba, utaangukia hapohapo. Maembe yenyewe yatayapoza, kwa hiyo ingiza machache kwa wakati mmoja na weka birika la maji ya moto pembeni la kuongezea kidogokidogo, ukikoroga ili pasiwe na sehemu ya kuyaunguza. Kisha yakaushe kivulini.

Kuvundika: tumia tenga au boksi lililotobolewa, siyo pipa. Kwenye pipa lililofungwa hewa iliisha, joto na unyevu vikapanda, ndiyo maana mlisikia harufu ya pombe. Tandika majani makavu ya mgomba, panga safu moja, kikonyo chini, kisha majani, kisha safu ya pili, basi. Katikati weka ndizi mbivu tatu au nne, nazo zinatoa ethilini. Funika kwa gunia au kanga kuukuu, weka kivulini penye upepo. Kila jioni funua, pitisha mkono, toa lililoanza kuoza na lile lililokwisha kuiva. Dakika kumi hizo kila jioni usizikose, maana embe moja lililooza huharibu wenzake.

Juisi yenu ilichacha kwa sababu ya hamira za asili zilizoko kwenye ganda. Zinapenda sukari na joto, na mlizipa vyote viwili tangu asubuhi. Osha maembe kabla ya kumenya, siyo baada. Jioni ya tarehe 25 menya, saga bila maji, chuja, kisha weka ule uji wa embe jikoni kwa moto mdogo ukikoroga mpaka utoe mapovu pembeni, uache dakika tatu. Zamisha sufuria kwenye beseni la maji baridi ili upoe haraka, kamulia ndimu, funika, weka kwenye friji. Asubuhi changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochemshwa na kupozwa, na barafu nayo itokane na maji ya namna hiyo. Ladha inabadilika kidogo kwa moto. Tangawizi mbichi iliyokunwa ukiitia mwishoni inairudisha. Kwa watu 50, bilauri moja kubwa kila mmoja, unahitaji lita 15 za juisi. Hizo ni lita 7 na nusu za uji, yaani kilo kama 14 za maembe. Dodo kubwa mawili au matatu yanatimiza kilo, kwa hiyo tenga maembe 40 kwa juisi tu, na mengine 50 ya kukata na kula.

Chakula sasa, na hapa ndipo yanapoingia yale maembe yanayoelea. Pika pilau, kilo 8 za mchele zitatosha. Badala ya kununua nyanya kwa bei ya sikukuu, tengeneza kachumbari ya embe bichi: maembe 12 yaliyokatwa vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, kilo 2 za vitunguu vilivyofikichwa kwa chumvi na kuoshwa, pilipili mbuzi, ndimu. Chumvi ya mwisho itie dakika kumi kabla ya kupakua, la sivyo itaelea majini. Kama una samaki, mchuzi wa nazi wenye vipande vya embe bichi hauhitaji ukwaju; tia embe nazi ikishachemka, lisivurugike.

Achari ianze mapema, tarehe 10 hivi. Kata maembe machanga vipande na maganda yake, nyunyizia chumvi kijiko cha chakula kwa kila kilo, anika juani siku mbili. Pika pamoja na siki, pilipili iliyosagwa, thomu na bizari ya manjano, weka kwenye chupa zilizochemshwa. Wiki mbili zikipita itakuwa imekolea.

Pilau likishapakuliwa lisikae wazi zaidi ya saa mbili. Wageni wa ukoo huja kwa mafungu, wengine baada ya adhuhuri, kwa hiyo acha sehemu kwenye sufuria yenye mkaa chini na juu, ikiwa moto kiasi cha kutoa mvuke ukifunua.

Na kuanzia leo, okoteni kila jioni maembe yaliyodondoka chini. Ndani yake mna funza wa inzi wa matunda, ambao watashuka ardhini, watoke wakiwa inzi, na kutaga kwenye maembe yaliyobaki juu. Yafukieni kina cha nusu mita, au myafunge kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani siku kadhaa. Nitumie idadi ya siku utakazopata kwenye yale matatu ya majaribio, nikusaidie kupanga tarehe ya kuchuma.